Mkeka wa Kaka na Filamu ya Mahowny

Filamu nyingi za kamari zimetengenezwa kwa namna ya kumtamanisha mtazamaji. Taa zinametameta, mashati yamenyooka kwa pasi, mwanamke mrembo amesimama nyuma ya kiti cha mchezaji, na hata anayeshindwa anashindwa kwa mbwembwe. Kwa hiyo wazazi wenzangu hapa Ibra wakiniuliza watazame filamu gani na vijana wao kuhusu jambo hili, huwatajia moja tu, ya zamani kidogo: Owning Mahowny, ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Richard Kwietniowski. Mhusika mkuu amechezwa na marehemu Philip Seymour Hoffman.

Kisa chake ni cha kweli. Brian Molony alikuwa meneja msaidizi katika tawi la Canadian Imperial Bank of Commerce mjini Toronto. Kati ya mwaka 1980 na 1982 alichota zaidi ya dola milioni 10 za Kanada kwa kuandika mikopo ya uongo, na zote zikaishia kwenye kamari. Alikamatwa Aprili 1982, akahukumiwa kifungo cha miaka 6. Mwandishi Gary Stephen Ross alikiandikia kitabu kisa hicho, na filamu ikatokana na kitabu. Majina yamebadilishwa, kwa hiyo humo anaitwa Dan Mahowny.

Huyu Mahowny havai saa ya dhahabu. Ana suti ya bei rahisi, miwani mikubwa na gari bovu ambalo wenzake kazini wanalicheka. Kasino ya Atlantic City inamwambia aagize chochote bila malipo, naye anaomba mbavu za kuchoma zisizo na sosi na soda ya Coca-Cola. Akishinda hatabasamu. Akishindwa hapigi meza. Kazini anasifiwa kwa uangalifu, na ndiyo kwanza amepandishwa cheo. Mchumba wake Belinda, aliyechezwa na Minnie Driver, anafanya kazi benki hiyohiyo. Anakwenda naye Las Vegas akidhani ni mapumziko yao wawili, kisha anaachwa chumbani peke yake huku mwenziwe akiwa mezani.

Mwanzoni deni lake kwa mpokea dau ni kama dola 10,000 tu. Anaandika mkopo mmoja wa uongo ili alilipe. Nia yake, kama ya wengi, ni kufuta deni na kuanza upya. Lakini deni likishalipwa mlango wa kucheza unafunguka tena, na safari hii anajua pesa zinapatikana wapi. Katika onyesho moja anaweka dau kwa timu zote za nyumbani za ligi moja ya besiboli na timu zote za ugenini za ligi nyingine. Hajachagua chochote. Hata mpokea dau anaudhika, maana anaona huyu mtu hatafuti tena kushinda, anatafuta tu kitu cha kusubiri matokeo yake.

Hapo ndipo nilipomkumbuka kaka yangu na ligi ya Belarus.

Machi 2020 korona iliposimamisha mpira karibu dunia nzima, ligi ya Belarus iliendelea kuchezwa. Kaka yangu yuko Tanga, anatunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Minsk hawezi kukuonyesha kwenye ramani, lakini mwaka ule alikuwa anajua BATE Borisov wanacheza saa ngapi na Slutsk wamefungwa na nani. Sisi tuliona ni kichekesho cha wakati wa karantini. Mpira wa Ulaya uliporudi, yeye hakurudi nyuma. Aliongeza.

Miaka mitatu baadaye wifi yangu alinipigia simu usiku, saa za kwao saa sita kasoro. Aliniambia hivi: "Wifi, nakupigia wewe kwa sababu wewe ni nesi. Kaka yako hanywi, havuti, hana mwanamke. Lakini halali." Siku iliyofuata akanieleza zaidi. Ada ya watoto haijalipwa kwa mihula miwili. Kuna mikopo ya simu ya aina tatu. Kuna mikopo ya kausha damu. Na nyumba ya mama, ambayo sisi watoto watatu tulio nje ya Tanzania tulikuwa tunachangia na yeye ndiye msimamizi, ilikuwa imesimama kwenye linta. Picha za ujenzi alizokuwa akitutumia kila mwezi zilikuwa za ukuta uleule, zimepigwa kutoka pembe tofauti.

Nani angemshuku? Mtu akinywa, harufu itamsema. Akivuta bangi, macho yatamsema. Mwenye kubeti anakaa sebuleni na wanawe, simu mkononi, na mshahara wa mwezi unaondoka bila yeye kuinuka kwenye kochi. Filamu inaanza kwa maneno kwamba kila mtu ana maisha matatu: ya hadharani, ya nyumbani na ya siri. Mahowny ilibidi apande ndege hadi Atlantic City ili ayaishi yale ya tatu. Kaka yangu aliyaishi akiwa amekaa karibu na mama.

Afrika Mashariki tumefikaje hapa? Njia ilishatandikwa na pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na ikatusaidia sana sisi tunaotuma nyumbani. Kampuni za kubeti zilipokuja zilikuta pochi ya kila mtu iko tayari, inafunguka saa 24. Kisha yakaja majina ya washindi. Mwaka 2017 Mkenya Samuel Abisai alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya, na jina lake likafika kila kijiwe. Walioshindwa wikendi ileile hawakutangazwa na mtu. Serikali zilishtuka: Januari 2019 Uganda ilitangaza kutotoa leseni mpya, na Julai mwaka huohuo Kenya ikasimamisha leseni za kampuni 27. Lakini michezo ilirudi, na mingine ikaongezeka, kama ule wa kindege kinachopaa kwenye skrini, ambao hauhitaji hata timu ya kushabikia.

Sasa tuuangalie mkeka wenyewe, maana hesabu yake watu wengi hawajakaa chini wakaipiga. Chukua mkeka wa mechi kumi. Tuseme wewe ni mjuzi wa mpira kwelikweli, na kila mechi uliyochagua ina uwezekano wa asilimia 70 wa kutiki. Uwezekano wa zote kumi kutiki ni chini ya asilimia 3. Lakini uwezekano wa kupata tisa na kuchaniwa na timu moja ni kama asilimia 12. Yaani huyo mjuzi atachaniwa na timu moja zaidi ya mara nne kwa kila mara moja anayoshinda. Mara zote hizo nne ataondoka anasema, "Jamani, nilikuwa nimeshaufikia!"

Na ubongo unamwamini. Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge walichapisha kazi ya picha za ubongo iliyoonyesha kwamba kukosa kidogo huamsha sehemu zilezile zinazoamshwa na kushinda. Hajapata hata senti, lakini ndani yake kuna kitu kimeonja ushindi. Kwa hiyo kumwambia mtu "si unaona unashindwa kila siku?" hakumsaidii. Yeye haoni kushindwa. Anaona kukaribia.

Wauguzi wenzangu wanajua mfano mwingine. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, kama pramipexole, zinafanya kazi kwa kuiga dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na furaha. Kuna wagonjwa wazee, watu wa heshima zao ambao hawakuwahi kugusa karata, walioanza kucheza kamari bila kujizuia baada ya kuanzishiwa dawa hizo. Dawa ikipunguzwa au kubadilishwa na daktari, wengi huacha. Tunatakiwa kuwaonya familia mapema. Nikitoa mfano huu kwenye mazungumzo ya kifamilia, kwa kawaida watu hunyamaza kidogo, maana sote tumelelewa kuamini kwamba mcheza kamari ni mvivu anayetaka utajiri wa mkato.

Nilipokuwa diploma tulifundishwa pombe, bangi na heroini. Kamari nilikutana nayo darasani baadaye, kwenye shahada. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, ndio ulioihamisha kamari na kuiweka sura moja na ulevi wa pombe na dawa za kulevya. Nilimsimulia hilo bibi mmoja jirani yangu hapa Ibra, aliyezaliwa Unguja na kurudi Oman baada ya 1970, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Akacheka. "Mwanangu, ndiyo kwanza wamejua?" Alikuwa anakumbuka Surat Al-Maida, aya ya 90, ambapo ulevi na kamari vimetajwa pamoja. Sikuwa na la kumjibu.

Wako wanaosema kwamba hata biashara ni kamari. Kijana mmoja wa Pemba anayesoma Nizwa aliniambia hivyo tukiwa kwenye mnada wa mbuzi wa Ijumaa. Nikamwonyesha mzee aliyekuwa mbele yetu. Alimfunua mbuzi mdomo akatazama meno, akampapasa mgongo, akasikia bei, akaenda zake na pesa yake mfukoni. Manahodha wa Sur walioleta majahazi yao Unguja na Lamu walikuwa wanahatarisha mali na roho, lakini walisubiri kaskazi ivume, walijua nyota na walijua bandari. Kama mzigo ungeharibika, mwaka unaofuata wangebadili mzigo. Mwenye biashara akipata hasara mara tano kwa njia ileile, huiacha njia hiyo. Mwenye ugonjwa wa kamari akipata hasara mara tano huongeza dau ili arudishe zote tano. Kitaalamu hiyo ni moja ya dalili tunazouliza: je, ukishapoteza unarudi kesho yake kufukuzia ulichopoteza?

Yule kijana alikaa kimya, kisha akanionyesha simu yake. Alikuwa na laini ya nyumbani, na alikuwa anabeti kwa laini hiyo akiwa bwenini Nizwa. Sheria ya Oman inakataza kamari, na wazazi wengi wakisikia mtoto anasoma huku wanapumua. Lakini laini ya simu inavuka bahari ndani ya mfuko wa suruali. Jirani zetu wa Falme za Kiarabu nao wameanzisha mamlaka ya kusimamia michezo hiyo tangu 2023, na kasino kubwa inajengwa Ras Al Khaimah. Kutegemea kwamba nchi tunayoishi itatulindia watoto hakutoshi.

Narudi kwa kaka yangu. Baada ya simu ya wifi tulifanya kikao cha familia kwa simu, baba mdogo akiwa mwenyekiti. Deni lote lilikuwa shilingi milioni 6 na laki 4. Baba mdogo alipendekeza tuchange, tulilipe lote, yaishe. "Tumsitiri mwenzetu," alisema. "Watu wa kausha damu wakija kubeba cherehani ya mkewe, aibu ni ya ukoo mzima." Fungu langu lingekuwa rial 300 na ushei. Nilikuwa nazo, na hoja yake haikuwa ya kijinga.

Niliwasimulia Mahowny na zile dola 10,000. Katika filamu kuna meneja wa kasino, Victor Foss, aliyechezwa na John Hurt, anayemtazama Mahowny kwenye kamera kwa mapenzi kama ya baba. Kumbe anachokipenda ni pesa kuendelea kuja. Haulizi zinatoka wapi. Nikawaambia wazee wangu kwamba nyuma ya watu kama kaka, hiyo benki ni sisi. Sisi tulio Ibra, Leeds na Toronto, tunaotuma tarehe ya mshahara na tunaotuma tena ikipigwa simu ya dharura. Vikundi vya kusaidiana vya wacheza kamari, vilivyoanzia Los Angeles mwaka 1957, huwaonya ndugu juu ya jambo hilihili: kumlipia mtu deni lake lote kwa mpigo ni kumpa nafasi ya kuanza tena.

Tulibishana hadi usiku wa manane. Dada yetu mmoja hakuridhika, akatuma fungu lake kimyakimya kwa kaka mwenyewe ili akalipe. Zilikaa usiku mbili. Baada ya hapo hakuna aliyebisha tena, wala hakuna aliyemlaumu dada, kwa sababu alituma kwa huruma.

Tulichokubaliana ni hiki. Ada inalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Chakula kinalipwa dukani kwa mwezi. Pesa ya nyumba ya mama inakwenda kwa fundi na duka la bati, na risiti inatumwa kwa watu wawili. Wenye kausha damu walifuatwa na baba mdogo mwenyewe, akapanga nao malipo madogomadogo yanayotoka kwenye mshahara wa kaka, ili deni lake alibebe yeye lakini lisimvunje mgongo. Kuna aliyeshauri apewe kitochi badala ya simu janja. Hilo halikuwa na maana, kwa sababu kubeti kunafanyika hata kwa namba za nyota na reli. Badala yake laini yenye pesa ikakaa kwa wifi, kwa ridhaa ya kaka, mbele ya wazee. Na kaka akaanza kwenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa. Alikwenda mara ya kwanza akiwa amevuta kofia hadi machoni, akiogopa kuonekana na watu.

Jambo moja nililiuliza mimi, kwa sababu ya kazi yangu, na ninawaomba nanyi msiliogope. Nilimuuliza kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Aibu ya deni la siri imeua watu wengi, na hatari ni kubwa zaidi siku ambayo siri imefichuka. Kaka alinyamaza, kisha akasema, "Mdogo wangu, niliwahi kusimama pale relini." Tulikesha naye kwa zamu kwenye simu wiki nzima ile.

Kuna onyesho la mwisho katika filamu hiyo ambalo nilimsimulia, maana Kiingereza chake si cha kutazama filamu nzima. Mahowny yuko kwa mtaalamu wa saikolojia. Anaulizwa, kwenye kipimo cha mpaka mia, kamari ilimpa raha kiasi gani. Anasema mia. Na kitu kingine chochote maishani, nje ya kamari? Anafikiri, anasema ishirini. Basi anaulizwa kama ataweza kuishi maisha yake yote yaliyobaki bila kupita ishirini. Anajibu kwamba ishirini inamtosha.

Kwangu hapo ndipo filamu inapopita mahubiri yote niliyowahi kusikia. Haimwambii mgonjwa kwamba akiacha atafurahi. Inamwambia ukweli, kwamba akiacha maisha yatakuwa kama maji ya baridi baada ya miaka ya soda. Chai ya asubuhi, mtoto kufaulu hesabu, Coastal Union kutoka sare. Ubongo uliozoea mia unaviona vyote hivyo havina chumvi, na unahitaji muda mrefu kuvionja tena. Familia inayotegemea kwamba mtu akishalipiwa deni atarudi mchangamfu kesho yake itakata tamaa, na hapo ndipo maneno ya kuumiza huanza.

Kaka alinisikiliza, akaguna. "Huyo amebahatika," akasema. "Mimi bado niko kwenye nane."

Alianguka mara moja, wakati wa AFCON mwanzoni mwa 2024. Safari hii alimwambia mkewe mwenyewe, kabla ya kugundulika. Nyumba ya mama imeezekwa nusu, vyumba viwili na baraza, na mama amekwisha kuhamia, amekataa kusubiri nusu ya pili. Mwezi uliopita nilimuuliza kaka yuko kwenye ngapi. Akasema siku mwanawe alipoanza kuendesha baiskeli bila kushikwa, alifika kama kumi na tano, kisha ikashuka.

Owning Mahowny ni filamu ya pole, ya muda usiofika saa mbili. Itazameni na vijana waliokwisha kuwa watu wazima, mkiwa mmekaa pamoja, na acheni wao ndio waanze kuzungumza. Na ninyi mnaotuma nyumbani, ombi la dharura likiingia usiku wa Jumamosi, baada ya mechi za mwisho za Ulaya kwisha, msijibu papo hapo. Mpigieni kwanza wifi.